Siku walipomzika mtu wa katuni: Tokyo, Machi 24, 1970

Leo naweka kando mambo ya programu na tarakilishi, niwapeleke Japani ya mwaka wa 1970. Najua wengi mnaopita hapa ni wapenzi wa manga na anime, na najua swali mnaloulizwa nyumbani: mtu mzima, mwenye kazi na kitambulisho, analiaje kwa ajili ya mtu aliyechorwa kwa wino? Mimi pia nimeulizwa, tena zaidi ya mara moja. Badala ya kubishana, siku hizi najibu kwa kisa hiki.

Jumanne, Machi 24, 1970, watu wapatao 700 walifika katika ukumbi wa kampuni ya uchapishaji ya Kodansha, jijini Tokyo, kuhudhuria mazishi. Palikuwa na picha ya marehemu. Palikuwa na ubani, na maandiko ya Kibuddha yakasomwa kama yanavyosomwa kwa wafu wote nchini humo. Palikuwa pia na ulingo wa ndondi, na kengele ikagongwa mara kumi, kama ilivyo desturi bondia anapoagwa.

Marehemu aliitwa Tooru Rikiishi. Hakuwa na mama wala baba. Hakuwahi kuvuta pumzi hata moja. Alikuwa bondia katika manga iitwayo Ashita no Joe, yaani Joe wa Kesho.

Sasa tufuatilie jambo hili hatua kwa hatua, kama tunavyofuatilia hitilafu ndani ya programu, tuone lilianzia wapi.

RIKIISHI ALIKUWA NANI?

Ashita no Joe ilianza kutoka mwishoni mwa 1967, katika toleo lenye tarehe ya Januari 1, 1968 la jarida la Weekly Shonen Magazine, ikaendelea hadi Mei 1973. Mwandishi wa hadithi alikuwa Ikki Kajiwara, aliyetumia hapa jina la Asao Takamori. Mchoraji alikuwa Tetsuya Chiba.

Mhusika mkuu ni Joe Yabuki, kijana yatima anayezurura hadi akafika mtaa wa vibarua jijini Tokyo, karibu na mahali paitwapo Namidabashi, maana yake Daraja la Machozi. Mahali hapo ni pa kweli. Ni katika eneo la Sanya, ambako wanaume waliokuwa wakijenga majengo na barabara za Tokyo walilala katika vyumba vya bei rahisi na kuamka alfajiri kutafuta kibarua cha siku. Huko Joe anakutana na Danpei Tange, mlevi mwenye jicho moja ambaye zamani alikuwa bondia. Danpei anaona mikono ya kijana huyu na papo hapo anaamini kwamba amempata bingwa.

Lakini Joe haambiliki. Anaishia kufungiwa katika shule ya kurekebisha tabia. Danpei hakati tamaa: anamtumia masomo ya ndondi kwa postikadi! Somo la kwanza, jinsi ya kurusha konde la kushoto. (Kwa wale mnaosoma programu kwa njia ya mtandao, huyu ni ndugu yenu wa zamani.) Humo kifungoni ndimo Joe anamokutana na Rikiishi, ambaye tayari alikuwa bondia wa kulipwa. Wanapigana, wote wawili wanaanguka kwa pamoja, na tangu siku hiyo kila mmoja anaishi kwa ajili ya kukutana tena na mwenzake katika ulingo wa kweli.

MAJI YAKIMWAGIKA HAYAZOLEKI

Hapa ndipo panaponivutia mimi kama mtu wa programu.

Chiba alipomchora Rikiishi mara ya kwanza, alimchora akiwa mrefu na mwenye mabega mapana, mkubwa kuliko Joe. Kwa nini? Kwa sababu hakujua kwamba huyu angekuwa mpinzani mkuu wa hadithi. Alidhani ni mmoja tu kati ya wafungwa. Baadaye Kajiwara alipoamua kwamba hawa wawili lazima wapigane kama mabondia wa kulipwa, tatizo likajitokeza. Ndondi zina uzani. Joe alikuwa wa uzani wa bantam, ambao mwisho wake ni kilo 53.5. Rikiishi, kwa mwili ule waliouzoea wasomaji, asingeweza kabisa kupanda mizani mbele yake.

Leo mtu angesema: rekebisha michoro ya mwanzo, toa toleo jipya, basi. Lakini jarida lilikuwa limekwisha kuuzwa. Kurasa zilikuwa katika nyumba za watu, vinyozini na kwenye mabweni ya vyuo. Aliyewahi kuachilia programu yenye kasoro mikononi mwa wateja anajua hali hiyo: ya nyuma huyagusi tena, unalazimika kujenga juu yake.

Basi wakajenga juu yake. Rikiishi angejikondesha mpaka afike uzani wa Joe.

Na hapo kasoro ya vipimo ikageuka kuwa hatima ya mtu. Wasomaji wakamwona Rikiishi akila kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha asile. Mashavu yakaingia ndani, macho yakatoka. Kuna sehemu ambayo wapenzi wa hadithi hii hawaisahau: kiu inamzidi usiku, anatafuta maji kama mwendawazimu, na mifereji yote imefungwa kwa waya ili asiweze kunywa. Yoko Shiraki, binti tajiri ambaye familia yake ndiyo inayomdhamini, anamletea maji ya moto anywe. Rikiishi anamshukuru, kisha anayamwaga chini.

Pambano likaja. Katika raundi ya nane Rikiishi akamwangusha Joe kwa konde la kutoka chini kwenda kidevuni. Akashinda. Kisha, wakati wa kupeana mikono, mshindi akaanguka na hakuamka tena. Hadithi inaeleza sababu zake: konde la Joe lililompata kwenye paji upande wa jicho, kichwa kilichogonga kamba za ulingo alipoanguka mapema katika pambano, na mwili uliokwisha kudhoofishwa na njaa.

Ilikuwa Februari 1970.

SAA YA JARIDA NA SAA YA MSOMAJI

Fikiria hesabu hii. Pambano la raundi nane, kila raundi dakika tatu na mapumziko ya dakika moja katikati, halizidi dakika 31. Wasomaji wa Shonen Magazine walilitazama kwa majuma mengi. Kila juma walipewa kurasa chache, kisha wakangojeshwa siku saba. Kabla ya hapo walikuwa wamekaa na Rikiishi kwa karibu miaka miwili. Katika miaka miwili mtu hubadilisha kazi, huoa, hufiwa. Na katika hayo yote, mara moja kwa juma, Rikiishi alikuwepo.

Huu ndio ufundi wa hadithi za mfululizo, na wengi wanaowacheka wapenzi wa manga hawauoni. Kitabu unaweza kukimaliza kwa siku mbili. Hadithi ya kila juma inatembea na maisha yako kwa mwendo uleule wa maisha yako. Mhusika anazeeka pamoja nawe. Akifa, kuna siku fulani ya juma itakayofika na yeye hatakuwepo, na pengo hilo ni la kweli hata kama yeye hakuwa wa kweli.

Tena wasomaji hawakuwa watoto tu. Jarida lilianza Machi 1959. Mtoto aliyelinunua akiwa na miaka 10 alikuwa na miaka 21 mwaka wa 1970, na wengi hawakuliacha. Kufikia mwisho wa 1966 lilikuwa limevuka nakala milioni 1 kwa toleo. Ulikuwepo hata msemo kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu wa wakati huo, kwamba mkono mmoja walishika jarida la siasa, na mkono wa pili Shonen Magazine.

Ndondi nazo zilikuwa juu. Mwaka wa 1965 Mjapani Fighting Harada alimshinda Eder Jofre wa Brazil na kutwaa ubingwa wa dunia wa uzani huohuo wa bantam, akaushikilia hadi Februari 1968. Na kwa sisi Wakenya kuna uzi mdogo unaotufunga na ulingo huo: bondia wetu Philip Waruinge, aliyetuzwa kuwa bondia stadi kuliko wote katika Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968, baadaye alikwenda kupigana ndondi za kulipwa hukohuko Japani, wakamwita Waruinge Nakayama. Wale waliomlilia Rikiishi hawakuwa wageni wa mchezo huu. Walijua bondia anavyoteseka na mizani, na walijua kwamba mtu anaweza kufia ulingoni.

MAZISHI AU TANGAZO?

Aliyeongoza shughuli za mazishi alikuwa Shuji Terayama, mshairi na mwandishi wa tamthilia, mpenzi mkubwa wa ndondi, mwanzilishi wa kundi la maigizo la Tenjo Sajiki. Sasa sikilizeni vizuri. Terayama huyohuyo ndiye aliyeandika maneno ya wimbo wa anime ya Ashita no Joe. Na anime hiyo ilianza kuonyeshwa kwenye runinga Aprili 1, 1970, siku nane tu baada ya mazishi. Mwimbaji wa wimbo huo, Isao Bito, aliuimba palepale ukumbini.

Mwenye shaka atasema: kumbe! Lilikuwa tangazo la biashara.

Nami namjibu: ndiyo, lilikuwa tangazo pia. Kampuni ilikuwa na jarida la kuuza, runinga ilikuwa na kipindi cha kuzindua, na Terayama alikuwa mtu wa jukwaa aliyependa kuchanganya maisha na maigizo. Lakini sisi tunayajua mazishi. Ni mara ngapi umehudhuria mazishi hapa kwetu, mwanasiasa akachukua kipaza sauti na kuanza kuomba kura mbele ya jeneza? Tunaguna, tunakunja uso. Hakuna anayesema kwamba machozi ya mjane ni ya uongo kwa sababu mheshimiwa alikuja na gari lenye picha zake.

Kampuni ilitayarisha ukumbi. Haikuweza kutayarisha watu 700 wa kuacha shughuli zao siku ya Jumanne. Hao walikuja na huzuni waliyokuwa nayo tayari tangu Februari, na hawakuwa na mahali pa kuipeleka. Nadhani hiyo ndiyo kazi halisi iliyofanywa na mazishi yale. Mtu aliyesoma ukurasa ule akiwa peke yake kitandani aliona haya kulia. Alipoingia ukumbini akaona wengine mamia wamekuja kwa sababu hiyohiyo, haya ikaondoka. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi.

KWA NINI MWAKA ULE?

Tuangalie nchi ilikuwaje. Januari 1969 polisi zaidi ya 8,000 walivamia Chuo Kikuu cha Tokyo kuwaondoa wanafunzi waliojifungia katika ukumbi wa Yasuda. Mapambano yalichukua siku mbili, na mtihani wa kuingia chuo hicho ukafutwa mwaka huo. Wanafunzi walikuwa wameshindwa. Machi 15, 1970, siku tisa kabla ya mazishi, Maonyesho ya Dunia yalifunguliwa kwa umma mjini Osaka. Hadi yalipofungwa mwezi Septemba yalikuwa yamepokea watu milioni 64 waliokuja kuona maajabu ya siku zijazo.

Kwa hiyo nchi ilikuwa na nyuso mbili. Uso mmoja uling'aa Osaka. Uso wa pili ulikuwa wa kijana aliyepigana na kushindwa, au wa kibarua wa Sanya aliyejenga mng'ao ule na hakualikwa kuuona. Rikiishi alikuwa mtu wa kuutoa mwili wake wote, hadi tone la mwisho, kwa jambo ambalo halikuwa na faida ya fedha. Angeweza kubaki katika uzani wake akawa bingwa na kula ashibe. Alikataa kwa sababu alitaka kumkabili mtu mmoja tu, kwa haki, mizani ikiwa sawa. Sishangai kwamba mwaka ule watu kama hao walimwona kama ndugu.

SIKU SABA BAADAYE

Lakini huzuni ya watu wengi ni nguvu, na nguvu hutafutiwa matumizi. Jumanne iliyofuata, Machi 31, vijana tisa wa kundi la Jeshi Jekundu waliteka ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikitoka Haneda kwenda Fukuoka, wakataka ipelekwe Korea Kaskazini. Baada ya kuzungushwa hadi uwanja wa Gimpo kule Seoul, waliwaachilia abiria na hatimaye wakafika Pyongyang Aprili 3. Katika tamko lao la kuondoka waliandika kwamba wao ndio Joe wa Kesho.

Mimi hapo ninasimama kidogo. Hadithi ileile, mwezi uleule. Watu 700 waliisoma wakaenda kufukiza ubani na kurudi nyumbani. Watu tisa walichukua jina la Joe wakalibandika kwenye utekaji wa watu wasio na hatia. Siwezi kumlaumu Chiba wala Kajiwara kwa hilo, kama nisivyoweza kumlaumu aliyeandika lugha ya programu kwa virusi vilivyoandikwa kwa lugha hiyo. Ila wale 700 naona walimsoma vizuri zaidi. Hadithi ilikuwa imewaonyesha mtu aliyepiga na kuua bila kutaka, na ilikuwa karibu kuwaonyesha gharama yake.

JOE NAYE ALIOMBOLEZA

Hili ndilo linalonifanya niiheshimu hadithi hii kuliko nyingi. Waandishi wengi wakimuua mhusika hutufuta machozi haraka haraka. Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes Desemba 1893, wasomaji wakakasirika, na kufikia 1903 Holmes alikuwa amefufuka kwa maelezo mepesi. Ni kama kurudisha toleo la jana la programu na kujifanya hakuna lililotokea.

Rikiishi hakurudi. Majuma yaliyofuata, Joe hakuweza kumpiga mtu kichwani. Mkono ulikataa. Alipojilazimisha, alitapika ulingoni mbele ya watazamaji. Akaporomoka hadi kupigana katika maonyesho ya kuzurura vijijini, ndondi za chini kabisa. Ilichukua muda mrefu, na mpinzani mpya kutoka Venezuela aitwaye Carlos Rivera, kabla hajaweza kupigana tena kama mwanzo. Kwa hiyo wasomaji waliotoka mazishini wakafungua jarida walimkuta Joe naye akiwa katika matanga. Hakuna aliyewaambia wasahau. Waliomboleza pamoja na kitabu chenyewe.

Miaka mingi baadaye jambo lilirudiwa. Aprili 18, 2007, watu wapatao 3,000 walikusanyika katika hekalu la Koyasan jijini Tokyo kumwaga Raoh, mhusika wa manga ya Hokuto no Ken, wakati filamu za hadithi hiyo zikitolewa. Hapo biashara ilikuwa wazi zaidi, na Raoh alikuwa amekufa kurasani tangu miaka ya 1980. Bado watu walikuja. Njia ilikuwa imefunguliwa na wale 700.

Terayama alifariki mwaka wa 1983 akiwa na miaka 47. Kajiwara alifuata mwaka wa 1987 akiwa na miaka 50. Chiba, yule aliyechora mabega mapana bila kujua yatampeleka wapi mwenyewe, alitunukiwa Nishani ya Utamaduni na serikali ya Japani mwaka wa 2024, mchora manga wa kwanza kuipata. Na kule Sanya, tangu 2012, kuna sanamu ya Joe imesimama karibu na barabara ya maduka.

Sasa ukiulizwa tena nyumbani unalilia nini, eleza hivi: unamlilia mtu uliyekaa naye kila juma kwa miaka, aliyekufundisha jambo kuhusu kiu na ahadi. Kwamba alichorwa kwa wino unajua, na wale 700 walijua pia. Hakuna aliyeingia ukumbini akidhani kuna maiti. Waliingia kwa sababu walichohisi kilikuwa chao, na kilistahili kuagwa kwa heshima.

Haya, kwa leo niishie hapo. Juma lijalo tutarudi kwenye programu. Alamsiki!